Mti wa Kumi na Tatu wa Kashojwa

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kamati ya mazingira ya kijiji imepita leo na kopo la rangi nyekundu. Imezungushia pete miti kumi na miwili: minne ya kanisani, mitano ya shule, mitatu ya zahanati. Nimehesabu mwenyewe. Mgunga wangu wameupita bila kusimama, ingawa unaishinda yote kwa unene. Nikiukumbatia, mikono haikutani.

Mwenyekiti wa kamati ni Semahoro. Alinishinda mwezi wa sita kwa kura nne, na watatu kati ya waliompigia ni shemeji zake. Alisimama mbele ya watu akaeleza kwamba mti wenye pete haukatwi, haupunguzwi matawi wala hauchunwi ganda mpaka Madamu Mbabazi, afisa wa mazingira wa Base Camp, ofisi kuu ya kambi yetu ya wakimbizi, aje auone kwa macho yake. Mti usio na pete ni jambo dogo: barua kwa kamati, ukaguzi, siku mbili, unakata.

Nilisikiliza kwa makini. Kanisa, shule, zahanati. Kwa hiyo pete ni heshima. Mimi ni shemasi, nimeishi Kashojwa miaka kumi na mmoja, na kule Mwenga, Kongo, nilikuwa karani wa groupement, yaani ofisi ya chifu. Mti wangu hauwezi kubaki uchi.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda Mbarara. Kopo moja la rangi ya mafuta, nyekundu ileile. Nimerudi saa nane, nikamaliza kupaka saa tisa na robo. Upana wa kiganja, kimo cha kifua, kingo zimenyooka kuliko za kamati. Jirani Élyse ameuliza kama serikali ilifika kwangu. Nimemjibu kwamba serikali inajua pa kufika.

Semahoro amepita jioni. Amesimama, ameutazama mti, amefungua daftari lake na kuandika kitu kwa penseli. Nimelichukua hilo kama pongezi.

Jumatatu, 8 Septemba

Upepo usiofaa. Tawi kubwa la mgunga limepata ufa pale linapoungana na shina. Tawi hilo liko juu ya chumba ambamo mke wangu Nabintu anashonea. Ana sare ishirini na mbili za kwaya, zinatakiwa mwisho wa mwezi, na cherehani ni hiyo moja. Chakula cha nyumba hii kinatoka chini ya sindano yake. Siandiki hili mara mbili.

Amenifuata shambani, akaniita kwa jina la mtoto wetu kama kawaida yake. "Papa Néhémie, ule muti utaangukia mashini yangu. Nitashona na meno?"

Nimemwambia ni mti wa serikali, hauharakishwi.

Nimekwenda kwa Semahoro, kwa taratibu tu. Amenieleza tena, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Mti wenye pete, Madamu Mbabazi aje mwenyewe na orodha, na sasa yuko upande wa Rugaaga mpaka juma lijalo. Kisha akafungua daftari. Akasema ameandika kumi na tatu kwa penseli, na penseli inafutika. Kama kuna mtu atakayekumbuka nani alipaka huo wa kumi na tatu, yeye atafuta, mti utakuwa mti wa kawaida, na keshokutwa tutakata.

Nimefikiri kwa muda wa kutosha. Sikumkumbuka mtu yeyote.

Jumatano, 10 Septemba

Mbarara tena. Mpango ni safi: pete ikitoka, mti unakuwa wa kawaida, na hakuna wa kukumbuka chochote. Nimeomba tina ya kuondolea rangi. Muuzaji alikuwa yuleyule.

"Mzee, wiki imeisha wewe ulinunua ya kupaka. Leo unataka ya kutoa. Uko na nyumba ama uko na mchezo?"

Nimemjibu kwamba ni mambo ya ofisi. Akasema tina yake ni ya chuma, ganda la mti litainywa tu. Nimeinunua hata hivyo.

Imeinywa. Pete sasa ni pana zaidi, na ina rangi ya nyama.

Alhamisi, 11 Septemba

Suluhisho limepatikana saa moja asubuhi. Rangi iko kwenye ganda. Ganda si mti. Nimechukua panga nikalichuna lote kuzunguka shina, upana wa kiganja na nusu. Kazi ya fundi. Hakuna hata chembe nyekundu. Badala yake kuna pete nyeupe inayoonekana kutoka barabarani.

Semahoro amepita na jembe lake. Akaweka jembe chini.

"Mzee Baudouin, muti ukivuliwa ngozi kuzunguka yote, unakufa. Umeua muti wa daftari."

Nimemwambia mti umepumzika. Akauliza kama hata leo simkumbuki aliyepaka. Nikamtakia siku njema.

Mchana Nabintu amehamisha cherehani. Ameibeba na Élyse hadi barazani kwa Semahoro, ng'ambo ya barabara, na sare zote. Sikushirikishwa. Shemasi mzima, na mke wake anashona kwa mpinzani, mbele ya barabara.

Ijumaa, 12 Septemba

Mvua saa tisa. Tawi limeanguka saa tisa na dakika ishirini. Limepasua mabati mawili na kuvunja kiti. Limelala sawasawa pale cherehani ilipokuwa hadi jana. Nimepima: tofauti ni kiganja kimoja.

Nabintu amesimama mlangoni, ameangalia kile kiti. Kisha ameniangalia mimi. Amerudi kushona.

Jumapili, 14 Septemba

Masalia ya tawi yamejaza uwanja. Sheria ndogo ya kijiji inasema majani yaende shimoni, kuni zikatwe na kupangwa, hakuna kuchoma, hakuna kutupa mtaroni. Kuchimba shimo kungechukua siku nzima. Nimesubiri watu wote waingie kanisani, nikavuta kila kitu hadi mtaroni. Nusu saa. Hakuna aliyeniona.

Saa nane mvua imerudi. Mtaro umeziba, maji yamepanda, yameingia jikoni kwangu. Semahoro amefika na reki. Nimemuuliza amejuaje ni mimi. Amesema kiti kimoja tu cha mashemasi kilikuwa tupu leo.

Jumatatu, 15 Septemba

Madamu Mbabazi amekuja kwa pikipiki, na orodha.

"Kwa karatasi yangu miti iko kumi na mbili. Huyu anatoka wapi? Nani amechuna?"

Kuchuna mti uliowekwa alama ni kosa kubwa. Kupaka rangi mti wako mwenyewe ni upumbavu tu, amesema. Nichague. Nabintu alikuwa ameacha sindano, anasikiliza kutoka ng'ambo ya barabara.

Nimesema: rangi ni yangu. Nikaongeza kwamba kingo zilinyooka kuliko za kamati. Semahoro amethibitisha hilo, kisha amefuta namba kumi na tatu.

Hukumu: mti wote ukatwe chini ya uangalizi wa kamati. Kuni ziende kwa wajane wa kanisa. Shimo la majani nichimbe mimi. Mtaro niuzibue mimi. Nipande miche kumi, kila mche hatua kumi kutoka ukutani.

Jumamosi, 20 Septemba

Mgunga haupo. Mabati yamepigiliwa. Cherehani imerudi, sare kumi na tano zimekamilika. Shimo langu la majani lina kina cha kiuno, na watu wawili wamekuja kulitazama. Miche tisa iko kando ya shamba.

Wa kumi ni mgunga. Nimetoka ukutani, nikahesabu hatua kumi nikiizunguka nyumba, nikafika dirishani kwa Nabintu. Madamu hakusema hatua zinyooke. Nimeupanda palepale. Dirisha linahitaji kivuli, na familia ina historia na mahali pale.

Mche ni mwembamba kama penseli. Kopo lilikuwa limebaki nusu. Nimetumia kijiti cha kiberiti. Pete imetoka safi sana.

Nabintu ametoka, ameinama, ameitazama. Ameshika cherehani upande mmoja, akaniomba nishike wa pili, tuipeleke chumba cha nyuma.

Nimekubali mara moja. Mti wa aina hii unahitaji nafasi ya kukua.