Gari Lisilo na Ekzosi

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na moja bila mteja. Fundi wa ekzosi mimi, miaka thelathini nimelala chali chini ya magari ya watu! Leo shemeji, dada wa mke wangu, mkunga, kaja na gari jipya la umeme. Limeingia kimyakimya, nusura linikanyage mguu. Nikamuuliza ekzosi iko wapi. Akasema halina, wala halitoi moshi. Kasema kwa raha zake! Mama watoto akadakia: nisipopata kazi hadi Jumapili, gereji inageuka chumba cha vyerehani vyake. Hatanii. Ameshapima ukuta.

Jumanne, 4 Machi
Nimetangaza kwenye kibanda cha chai kwamba magari ya umeme hupiga shoti kwenye mvua. Watu wakaguna kwa hofu. Safi sana! Saa tisa mvua ikamwagika. Shemeji akapita kwenye dimbwi la kufika magotini, akanipungia mkono. Pikapu yangu ikakohoa mara mbili, ikazima. Maji yamepanda kwenye ekzosi. Niliifunga mwenyewe. Shemeji ndiye aliyenirudisha nyumbani. Gari limetulia mno, nikasinzia. Aibu tupu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Ubaya wa gari la umeme ni ukimya. Mtu atagongwa bila habari. Dawa yake: bomba lenye filimbi ndani, upepo ukiingia linalia. Nitawafungia wote wenye magari hayo. La kwanza nikampa shemeji bure. Akakataa. Eti likienda polepole hutoa mlio mdogo lenyewe. Nitamfungia kwa siri, atanishukuru.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji alizalisha mapacha asubuhi, akaja kujilaza kwetu. Nikajipenyeza chini ya gari na drili. Magari yote niliyoyazoea yana nafasi pale katikati. Hili lina bamba bapa mwanzo mwisho. Nikatoboa. Kumbe ndiyo betri yenyewe! Taa nyekundu zikawaka, gari likagoma. Hapohapo shemeji akapigiwa simu: mke wa mwashi mmoja wa mtaa wa pili ameshikwa na uchungu, mimba ya kwanza, damu inatoka. Shemeji akatoka mbio, akaniona na drili mkononi. Akaelekeza kidole kwenye pikapu. Bora angenitukana. Tukapanda pikapu, ekzosi yake nimeianika juani. Ikanguruma mtaa mzima, moshi hadi kwenye viti, shemeji anakohoa huku kakumbatia mkoba wake. Njia nzima namwomba Mungu. Tukawahi. Mtoto wa kike, mama mzima. Nikalia nje ya mlango, sikujali nani ananiona.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi wa betri, binti mwenye glavu za mpira hadi kwenye viwiko, kasema nimetoboa kifuniko tu. Ningeongeza kidogo, ningekuwa marehemu. Gari litakaa kwake hadi Jumatano. Mpaka hapo mimi ndiye dereva wa shemeji. Anapanda kajifunga kitambaa puani.

Jumapili, 9 Machi
Vyerehani vimeingia. Sita! Mama watoto akanionyesha kona ya kuweka spana zangu. Nikaenda kukaa kwenye kona hiyo. Nimechoka hadi mifupa.

Jioni mwashi akaja kushukuru. Kasema mkewe alitusikia tangu mbali, akajua msaada unakuja, moyo ukatulia.

Alitusikia!

Jumanne, kabla gari halijatoka, nitapita kwa yule binti wa betri, nimsalimie. Chini sigusi tena, nimekoma. Bomba la filimbi nitalifunga juu ya paa. Juu hakuna betri. Nadhani.