Taarifa ya Mwenyekiti wa Sevisi za Kila Msimu, Iliyosomwa Sebuleni

Mwanangu amepata kazi. Wamemchukua jana, karakana kubwa ile ya mashine za nyumbani, fundi kamili mwenye ovaroli, msichana peke yake kati ya wanaume kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja kawaacha kwenye mtihani kama wamesimama. (Vigelegele. Wifi anadondosha kikombe, hakivunjiki.)

Haya. Karatasi yangu inasema nianze na itifaki, basi narudi nyuma nianze na itifaki.

Mheshimiwa baba mwenye nyumba, mlezi wa rimoti na mjumbe wa kudumu wa kochi la dirishani. Mheshimiwa mama mkwe, mama yetu sote, ambaye Mwenyekiti anakuamkia shikamoo kwa mara ya pili leo kwa sababu ile ya kwanza hukuisikia. Mheshimiwa wifi yangu, uliyekaa na binti yetu miaka mitatu ya chuo ukamrudisha na mashavu. Mheshimiwa jirani mshonaji, mdau wa maendeleo kutoka upande wa pili wa ukuta. Nanyi wanangu wawili wakubwa, mliosimama karibu na mlango kana kwamba mmeshajua hotuba hii inaelekea wapi. Mabibi na mabwana: mimi, mama mzazi wa fundi, Mwenyekiti, Katibu na Mkaguzi Mkuu wa Programu Shirikishi, Jumuishi na Endelevu ya Usafi na Sevisi ya Vifaa vya Nyumbani kwa Kila Msimu, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, nikiwa nimevaa viatu vya kutokea, jambo ambalo ndani ya nyumba hii linaonyesha uzito wa shughuli. (Makofi. Mama mkwe anauliza nani amekufa. Anaambiwa hakuna. Anauliza sasa viatu vya nini.)

Ndugu wajumbe, shule mimi niliishia darasa la saba, lakini kupanga napanga. Mtakumbuka kwamba miaka kumi na minne iliyopita, binti yetu akiwa na miaka minane, Mwenyekiti aliketi na rula na kalamu nyekundu akachora jedwali, akalibandika ukutani jikoni, na humo zikaorodheshwa vifaa vyetu saba, na juu yake misimu mitatu, mvua zikikatika, joto likipanda na baridi ikiingia, pamoja na vizheni, misheni na maelekezo ya kitaalamu: friji itolewe vumbi la nyuma na kufutwa mpira wa mlango, feni ivuliwe wavu na kuoshwa mapanga yake, birika la umeme lichemshwe na siki mpaka chokaa yote itoke, mashine ya kufulia isafishwe kichujio. Na utekelezaji, ndugu zangu, si wa kubahatisha. Vifaa saba, misimu mitatu, miaka kumi na minne: visanduku mia mbili na tisini na vinne, na tiki mia mbili na tisini na nne. Asilimia mia moja. Zipo taasisi zenye magari na madereva ambazo hazijafika hapo. (Makofi. Baba mwenye nyumba anaitazama feni, kisha anaitazama sakafu.)

Sasa nije kwenye ajenda yenyewe. Kwenye usaili waliulizwa wote swali moja: umejifunzia wapi kwamba mashine hutunzwa kabla haijaharibika? Kumi na mmoja wakajibu chuoni. Binti yangu akasema, "Kwa mama. Kwetu msimu ukibadilika, kila kitu kinasafishwa. Ratiba iko ukutani tangu nina miaka minane." Bosi wa karakana, mwanamama mmoja ambaye naambiwa hajacheka tangu aanze kazi, akaweka kalamu chini. Akasema mtu wa namna hiyo ndiye anayemtaka. Akasema zaidi ya hapo: Jumatatu ijayo anakuja hapa, yeye na wanagenzi wake sita, kuiona nyumba hiyo ya mfano, kufungua vifaa, na kujifunza. (Mmoja wa wale wawili wa mlangoni anasema kwa sauti ndogo, "Kufungua?")

Ndiyo, kufungua. Nitalifikia hilo. Lakini kiitifaki haitapendeza nilifikie kabla sijaeleza mafanikio ya Programu, ambayo yameegemea mkakati tuliobuni wenyewe bila msaada wa wataalamu wa nje, unaoitwa Sera ya Upande wa Mbele. Chini ya sera hii, kila kifaa kimekuwa kikifutwa kwa kitambaa chenye unyevunyevu sehemu ile inayoonekana na mgeni aliyeketi. Kwa upande wa nyuma, manejimenti iliona ni vyema kuuachia ukuta.

Tukianza na feni ya hapa sebuleni, ambayo tangu inunuliwe haijavuliwa wavu, Programu ilifanya utafiti wa kina na kubaini kwamba ikizungushwa kwa kasi namba moja vumbi hubaki limeshika palepale, ila ikifika namba tatu huruka na kutua kwenye chakula. Kwa hiyo mwaka hadi mwaka tumekaa namba moja, tukitoka jasho, kwa nidhamu ya hali ya juu. (Kicheko.) Pasi nayo imetoa matokeo ya kuridhisha. Inatema maji ya kutu kwenye kola, na ndiyo maana baba mwenye nyumba amekuwa mtu wa mashati ya kahawia, na yanampendeza. (Baba mwenye nyumba anasema alidhani ni Mwenyekiti aliyekuwa akiyapenda.) Kuhusu birika, vile vipande vyeupe vinavyoelea kwenye chai ni chokaa. Mama, nisamehe. (Mama mkwe anasema yeye miaka yote amekuwa akivitafuna akijua ni maziwa ya unga.)

Mashine ya kufulia iko katika hali nzuri sana kwa nje. (Baba mwenye nyumba anasimama, anauliza kichujio ni nini na kiko wapi.) Namshukuru mheshimiwa kwa swali zuri. Litajibiwa kwa maandishi.

Sasa friji. (Wifi anasema, "Eeh, tufike hapo.")

Wifi, nafika. Friji yetu, ndugu wajumbe, ndiyo kinara wa Programu. Miaka miwili iliyopita, baridi ikiingia, Mwenyekiti, akiwa na ari na kasi, na akiona kusubiri barafu iyeyuke yenyewe ni kurudisha nyuma maendeleo, alizindua operesheni maalumu kwa kutumia kisu cha kumenyea. Barafu ilitoka. Ilitoka na kitu kingine, kikisema sss, kwa muda wa kama dakika mbili, na kikanuka. Tangu siku hiyo friji hiyo haijatumia umeme hata kidogo, ufanisi ambao sijausikia popote, na ndani yake tunahifadhi shuka. Zimekunjwa vizuri. Juu nimeweka kitambaa cha kufuma na maua. Na kwenye jedwali, msimu huo, niliweka tiki. (Kicheko kirefu. Mmoja wa wale wa mlangoni anakaa chini.)

Mtauliza, na huyo fundi wetu hakuona? Angeona wapi? Utotoni aliona kitambaa kikipita mbele na tiki ikiwekwa, na tangu aende chuo alikuwa akija likizo siku mbili, namkalisha kwenye kochi kama bibi harusi, akitaka kuinuka kwenda jikoni namwambia mgeni hafanyi kazi, na maji baridi anayoletewa yalikuwa yakipita juu ya ukuta kutoka kwa jirani yangu mshonaji, ambaye hajawahi kunitangaza. (Jirani mshonaji anasema hata juzi ameulizwa na hakusema, ila angependa chupa zake.) Zitarudi, shoga yangu. Zipo chini ya shuka.

Hapa sina karatasi, kwa hiyo nisikilizeni tu.

Usiku mzima sikulala. Sikuogopa kuchekwa, mimi nimechekwa nikiwa mdogo na sikufa. Niliogopa yule mama asiyecheka afungue ile friji mbele ya wale sita, akute shuka, kisha amgeukie mwanangu. Mtoto hakudanganya. Alisema anachokijua. Alikuwa akisimama pale chini ya jedwali na daftari lake la shule, akinakili zile tiki moja moja, na mimi namwona naona raha, sikumwambia kitu. Kazi yake ya kwanza duniani, na mimi ndiye ninayeweza kumtia aibu. Basi leo asubuhi nikajifungia bafuni na simu nikamwambia yote, kuanzia feni mpaka kisu. Nikasema nimeshampoteza huyu. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo siijui, sauti ya kazini, "Mama, hicho kisu kiliingia upande gani?"

Nikamwambia kushoto. Akaniuliza kama nilisikia mlio mmoja au miwili. Akaandika. Halafu ndiyo akacheka, akacheka mpaka na mimi nikakaa kwenye ndoo. Akasema atamwambia bosi yeye mwenyewe, kesho, kwa mdomo wake, na akiamua kumfukuza amfukuze kwa ukweli. Mimi nimfanyie mawili tu: Jumatatu isiahirishwe, na siku hiyo nyuma ya kila kitu kuwe kumesafishwa kweli. (Baba mwenye nyumba anazima televisheni, ambayo haijawahi kuzimwa mbele ya wageni.)

Kwa hiyo, waheshimiwa, kwa mamlaka niliyojipa, natamka kaulimbiu za awamu mpya, nanyi mtaitikia. Nyuma ya friji! (Tutafika!) Wavu wa feni! (Utavuliwa!) Kisu cha kumenyea! (Mama mkwe peke yake: "Umpe mtu mwingine!")

Kwa kumalizia, nawashukuru kwa kuiunga mkono kwa miaka kumi na minne Programu ya Sevisi ya Kila Msimu, ambayo haijawahi kuwepo hata siku moja. Kilichokuwepo ni karatasi, mama mwenye kalamu nyekundu, na mtoto mmoja aliyeamini, akaenda akaisomea, akafaulu. Sasa anakuja kuianzisha kabla bosi wake hajafika. Yeye ndiye bosi siku hiyo na mimi nitashika tochi. Msinipe visingizio vya mgongo wala vya safari: kila mmoja wenu aje na brashi yake na nguo asiyoionea huruma, hapa, mlango wa jikoni, Jumamosi saa mbili asubuhi.