Mlango wa Jikoni Usifunguliwe Bila Mdhamini

Ndugu Msuluhishi wa Mazungumzo ya Amani,

Mimi ni binti wa nyumba iliyokatwa na mstari unaogawa kisiwa chetu. Sebule iko upande huu, kwangu na mama. Jiko liko upande wa pili, kwa mama mkubwa, dada yake mama. Katikati kuna mlango uliofungwa kwa amri ya majeshi yote mawili kabla sijazaliwa. Nimesoma kifungu cha tisa cha rasimu yenu, kwamba mlango huo ufunguliwe kama ishara ya maridhiano. Kwa heshima zote, napinga.

1. Tuna utaratibu unaofanya kazi. Kila asubuhi mama hugonga ukuta na kuuliza, "We dada, hujafa tu?" Naye hujibiwa, "Tangulia wewe, mdogo wangu, ukanifutie kiti vumbi." Kisha kila mmoja huendelea na kazi zake. Hakuna mkataba wenu uliodumu hivyo.

2. Mnaahidi askari wadhamini wanne. Sebule yetu ina viti vitatu. Wakigombea viti, nani atawadhamini wao? Naomba wadhamini wa wadhamini, nao wakae uani.

3. Kuhusu kulegeza msimamo, tumeshalegeza. Sisi tunapikia sebuleni, bila vitunguu, mapazia yasije yakanuka. Mama mkubwa analala jikoni. Kila upande umekosa sawasawa.

4. Hili ndilo linaloninyima raha. Mlango ukifunguliwa, mama atavuka. Kule yuko dada yake. Huku niko mimi tu na vitabu vyangu, nami si mwepesi wa maneno. Nani atanihakikishia kwamba atarudi? Naomba azimio lenye mihuri ya pande zote: mama wa mtu akivuka, arudi kabla chai haijapoa.

Nasubiri jibu kwa maandishi. Nisalimie wajumbe wote, wakalimani, na yule askari wa zamu anayetupungia mkono akidhani hatumwoni.

Wako katika kuitafuta amani,
Binti wa Sebuleni

Nyongeza: Nimekwenda kuupima mlango ili niambatanishe vipimo. Haujafungwa. Bawaba zimepakwa mafuta. Nimemkuta mama kule, amevaa miwani tuliyoitafuta wiki nzima, anakata vitunguu. Mama mkubwa amesema, "Msomi wetu huyo! Ndiyo kwanza unafika?" Mama hakuinua hata kichwa: "Nenda kateleke chai, nakuja."

Nimekumbuka kwamba kila nikitoka kazini nilimkuta sebuleni, mikono ikinuka vitunguu. Amekuwa akirudi miaka yote hii, bila mdhamini.

Futeni namba ya nne. Na hao askari, tafadhali, wasije wakaufunga.