Kapu la Artichoki na Joho la Kijani

Jumatatu, 6 Oktoba

Mambo yameiva. Jumamosi Chama cha Majoho kinachagua divai ya kunywewa kwenye karamu ya chaza. Mwenye divai huvikwa joho la kijani mbele ya kijiji kizima. Mwaka huu ni wangu. Nimejaribu pazia la sebuleni mabegani, limenikaa.

Mpinzani ni mmoja: Firmin, kaka wa mke wangu Solange, mshindi wa mwaka jana. Divai yake, Muscadet, ni kavu, haina utamu, ina chumvichumvi ya bahari. Yangu ni kavu pia, ila ya upole. Solange anasema ni ya usingizi.

Jumanne, 7 Oktoba

Leo Solange kachemsha artichoki, yale maua yenye magamba tunayonyofoa jani moja moja. Akala, akanywa divai yetu, akakunja uso. Akaniuliza nimetia sukari lini.

Sijatia! Nikaonja mwenyewe. Kweli, ukila artichoki kwanza, divai kavu inageuka tamu mdomoni. Yeye akarudi kwenye sahani yake. Mimi nikabaki nimesimama na glasi mkononi, namwona Firmin akionjwa.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zimesimama.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mpango uko hivi. Mshindi wa mwaka jana huonjwa kwanza. Majaji watakula artichoki zangu, watakunywa ya Firmin, wataiona tamu. Kisha watapewa mkate na chaza, vinywa vitasafika, ndipo ije yangu. Nimepeleka kapu zima kwenye ukumbi wa Chama. Nimeandika jina langu juu yake, watu wasije wakadhani ni la Firmin.

Solange kauliza tangu lini nimekuwa mkarimu. Nimemwambia tangu utotoni. Kaniambia mama yangu hajawahi kulitaja hilo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Aibu. Sijui nianzie wapi.

Majaji walikula artichoki mpaka wakalamba vidole. Nilikuwa natabasamu. Bibi Herbreteau, mwenyekiti, akasimama akanishukuru kwa jina. Kisha akasema: “Desturi ni desturi, Bwana Anselme. Aliyelisha meza ndiye anayemimina kwanza.”

Desturi hiyo naijua tangu nikiwa mtoto. Nilichosahau ni kwamba safari hii mlishaji ni mimi.

Nikasema mkono unauma. Nikasema wakubwa watangulie. Firmin akanifungulia chupa mwenyewe. “Mimina, shemeji, usione haya. Leo umetushibisha.”

Wakanywa. Bibi Herbreteau akauliza, kwa upole ulioniumiza zaidi, kama divai hii ni ya kunywewa na keki. Jaji mwenzake, mwenye duka la dawa, akanusa glasi, akasema anahisi sukari. Katika ukumbi ule, neno hilo ni sawa na kuitwa mwizi. Ningejitetea vipi? Niwaambie kosa ni la kapu langu?

Mkate ukapitishwa, chaza zikafuata. Kisha ikaja ya Firmin. Bibi Herbreteau alifumba macho, hakutaka kuyafumbua.

Jumapili, 12 Oktoba

Karamu. Joho limempwaya Firmin, lakini watu wamepiga makofi vilevile. Njia ilikuwa na matope, na pindo refu lazima lishikwe na ndugu. Nimelishika mimi. Chaza zilikuwa nzuri. Divai yake nayo, kwa bahati mbaya, ilikwenda nazo vizuri sana. Niliumia, nikaomba niongezewe.

Nyumbani nilimweleza Solange yote. Kacheka mpaka kakaa chini. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamjibu kwamba mimi ni mkulima, sichimbi visima.

Lakini nimefikiri sana, na kosa nimelipata. Artichoki zilikuwa chache. Zingekuwa nyingi, utamu ungewafuata majaji mpaka kwenye glasi ya Firmin. Mwakani napeleka makapu mawili, na jina langu kwa herufi kubwa zaidi.

Pazia nimelirudisha dirishani. Nimelibana kwa vibanio tu, litoke kwa urahisi.