Mayai ya Janeth na Koti la Mifuko Sita

Jumatatu, 2 Juni

Kliniki na Janeth, mke wangu. Mimba ya miezi sita. Tumeingia wa kwanza, maana wanaokuja na waume zao hawapangi foleni. Nilitembea kama diwani.

Furaha fupi. Nesi Hajira akampima damu: tisa. Ndogo! Akasema ubongo wa mtoto unajengwa sasa hivi, humo humo tumboni, na unataka damu ya mama yenye madini ya chuma ya kutosha. Vidonge kila siku. Maharage, mboga za majani, dagaa, mayai, na maini mara moja moja. Chai isinywewe pamoja na chakula. Tarehe 30 anapima tena. Isipofika kumi, Janeth atahamia Njombe, akae karibu na hospitali kubwa mpaka ajifungue. Miezi miwili bila Janeth! Nilisema sikubali. Nesi akasema hilo nikaiambie damu.

Tatizo ni mama mkwe. Amekuja kutoka Mlangali kumtunza binti yake, na jiko sasa ni lake. Kwake yeye mjamzito hali yai, mtoto atazaliwa na kipara. Amezaa saba bila yai hata moja. Janeth alishamweleza, akaambiwa asimfundishe mama yake kuzaa. Anataka nimwambie mimi, kwamba mkwe anasikilizwa. Mimi! Nikae na mama mkwe tuzungumzie tumbo la binti yake! Hata jina lake sijawahi kulitamka.

Nina mpango.

Jumanne, 3 Juni

Nauza makoti ya mitumba hapa sokoni Makambako. Leo nimefungua balo, nikajichagulia koti jeusi, mifuko sita. Mteja mmoja alilitaka sana. Nikamwambia lina kunguni.

Mayai manne mifukoni, yamechemshwa kwa mama ntilie. Hamis, jirani yangu wa meza ya viatu, akauliza kwa nini nisimwambie tu mama mkwe alivyosema nesi. Hamis hajui ukwe. Tena anajidai mwanawe wa mwaka mmoja anajua kuhesabu viatu. Asubiri aone wa kwangu!

Jioni Janeth kala mawili nyuma ya choo, kageukia ukuta. Alicheka mpaka yai likamkwama. Nampenda sana mwanamke huyu.

Alhamisi, 5 Juni

Balaa!

Mama ntilie hakuja, nikabeba mayai mabichi. Nafungua mlango, mama mkwe huyu hapa! Si alikuwa aende jumuiya? Adabu ni adabu. Nikachuchumaa, macho chini, nikaamkia: kamwene mama. Mifukoni kukasikika kra! Ute ukachuruzika hadi sakafuni, alipotoka kudeki sasa hivi.

Akautazama ute. Akanitazama. Akauliza polepole mayai hayo ni ya nani. Janeth alikuwa mlangoni, uso umempauka. Nikasema ni yangu. Nayala peke yangu. Akauliza, mabichi? Nikasema mabichi.

Janeth akajifunika kanga usoni. Nilidhani analia. Kumbe mabega yanacheka.

Jumamosi, 7 Juni

Sasa mimi ni mlafi rasmi. Mama amempigia simu baba mkwe, kisha shangazi wa Wanging'ombe. Analia binti yake kaolewa na mwanamume anayeficha kitoweo mfukoni na mke ana mimba.

Mimi nawekewa ugali na mboga ya chainizi tu. Dagaa wanatoka jikoni wamefunikwa, wanakwenda chumbani kwa Janeth. Leo nimesikia harufu ya maini. Nikabisha hodi. Mlango ukafungwa kwa ndani.

Jumatano, 18 Juni

Njaa. Suruali inashuka. Janeth kanitolea nusu parachichi kwenye mkunjo wa kanga, na habari pia: mama anamchemshia yai kila asubuhi! Amesema heri mjukuu awe na kipara kuliko mayai yote ya nyumba hii kuishia tumboni mwa mlafi. Nilicheza peke yangu uani. Mama akaniona. Kabati la chakula sasa lina kufuli.

Jumatatu, 30 Juni

Kliniki tena, siku ya kupima. Mama mkwe alikuja pia, nadhani kunichunga. Nesi akamtoboa Janeth kidole, akasubiri, akasema kumi na moja.

Haendi Njombe! Nililia mbele za watu na sioni aibu.

Nesi akamsifu mama kwa lishe, akamweleza habari za ubongo wa mtoto, dakika mbili hazikufika. Mama akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaniuliza: "Sasa baba, kama ndivyo walivyosema, si ungeniambia tu? Ningekataaje?" Nikajibu ndiyo mama, macho chini. Akatoka kutafuta bajaji. Ndipo nesi akaongeza: mtoto akizaliwa, maziwa ya mama peke yake miezi sita. Uji hapana. Hata maji hapana.

Jumanne, 1 Julai

Mama mkwe anachambua ulezi. Wa uji wa mjukuu. Kwao mtoto anaanza akiwa na miezi mitatu, na anausaga mwenyewe kwa jiwe alilokuja nalo, mashine haziamini.

Janeth kasema nimwambie tu, jana si nimeona alivyo mwelewa. Hamis naye kasema hivyo hivyo. Watu wanachukulia mambo kirahisi! Kilichopandisha damu ni nini kama si mpango wangu?

Mtoto bado miezi miwili, lakini mwenye akili hujiandaa mapema. Sufuria ya uji tayari iko sokoni, chini ya balo. Mama anaitafuta tangu asubuhi. Kesho nachukua jiwe la kusagia. Ni zito. Nimeazima toroli.