Pumzi za Mama Mdogo

Jumatatu, 3 Juni
Dada anaolewa Jumamosi, na wimbo wa kumwingiza ukumbini natengeneza mimi! Ni ule wimbo ambao mama mdogo alikuwa akimwimbia tangu utotoni. Binamu yetu Vidole, mpiga kinanda, alitaka yeye apige na mama mdogo aimbe papo hapo ukumbini. Nikamwambia dada huo ni ushamba, siku hizi ni kompyuta. Akakubali, ila akasema nikiuharibu wimbo huo nisikanyage kwake. Ana utani sana.

Jumanne, 4 Juni
Tumerekodi kabatini kwangu, mama mdogo katikati ya makoti. Sauti tamu ajabu! Vidole naye akapiga noti zake, zikaingia kwenye kompyuta, juu ya ngoma niliyoipanga humo. Akaniuliza kama nitahitaji msaada wa kupanga. Nilicheka mpaka basi.

Jumatano, 5 Juni
Mama mdogo anaimba kwa kujivuta, kila mstari anaichelewa ngoma kidogo. Eti kusudi, ndiyo raha yake. Wapi! Nimeikata sauti yake vipande vipande, kila kimoja nikakisogeza mpaka mwanzo wake ukagusa alama ya pigo la ngoma. Vimepangika kwenye kioo cha kompyuta kama matofali. Sikusikiliza. Ya nini, na macho ninayo?

Alhamisi, 6 Juni
Nimesikiliza. Salaale! Kumbe mama mdogo huvuta pumzi kabla ya kuimba, na kila kipande kinaanza na pumzi. Sasa ngoma inapiga juu ya pumzi, neno linafuata nyuma likihema. Vidole kasikia dirishani, akashauri nisogeze kila kipande kushoto, neno ndilo liangukie kwenye pigo. Nifundishwe na yeye? Thubutu! Sauti nimeiacha, nikasogeza ngoma na noti zake zote kulia, kwa mkupuo mmoja, kwa kipimo cha pumzi ya kwanza. Mstari wa kwanza umekaa barabara. Iliyobaki sikuona haja ya kuisikiliza.

Ijumaa, 7 Juni
Dada kaomba auonje wimbo. Nimekataa. Akasema ana hofu. Nikamwambia alale.

Jumamosi, 8 Juni
Mstari wa kwanza, barabara! Nikamkonyeza Vidole. Wa pili ukafika na pumzi ndefu, ngoma ikampita mama mdogo. Wa tatu sijui hata nisemeje. Dada akabaki mguu mmoja hewani. Bwana harusi akatangulia, akarudi. Watoto wa meza ya mbele wakaanza kuhema kwa pamoja. Machozi yakamlenga dada, na hayo hayakuwa ya furaha, nakiri.

Mara mama mdogo akasimama mezani kwake, akaanza kuimba mwenyewe, akijivuta vilevile. Fundi wa vipaza sauti akazima wimbo wangu bila hata kuniangalia. Vidole akakimbilia kinanda. Dada akatembea mpaka mbele, analia, anacheka, ukumbi mzima wima. Hata mimi nililia. Ilikuwa nzuri mno, basi tu.

Jumapili, 9 Juni
Dada hapokei simu. Bila shaka furaha bado imemzidi, maana bila wimbo wangu mama mdogo asingenyanyuka kitini! Kosa lilikuwa moja tu, na nimeshaling'amua. Mdogo wake shemeji anaoa mwezi ujao, nimemwambia wimbo aniachie mimi. Nikampigia mama mdogo, nikamwomba kwa heshima zote safari hii aimbe bila kupumua. Akanyamaza kimya, sikusikia hata pumzi. Nadhani alishaanza mazoezi.