Kila Fundi Aje na Ndoto Yake

Habari ililetwa na Kamishna. Si kamishna wa kitu chochote; ni mlinzi wa usiku wa benki iliyo kwenye kona ya mtaa wetu, ila kofia yake ina nyota, na nyota hiyo aliibandika mwenyewe. Kila asubuhi akitoka lindoni hupitia kwa Bi Birika, muuza kahawa, hukaa mwisho wa benchi karibu na jiko, na kabla kikombe hakijamfika mkononi huwa ameshafungua simu kutusomea dunia imeharibika wapi.

“Sikilizeni hii,” alisema. “Maonyesho makubwa ya mavazi huko ng’ambo. Mshindi wa kwanza ni gauni lenye droo tatu kifuani.”

“Droo za nini?” Bi Birika aliuliza.

“Za kuvuta. Kama za kabati. Zina mpaka vishikio vya shaba.”

“Na ndani mna nini?”

“Hamna kitu.”

“Hata leso?”

“Wameandika hapa kwamba droo ni tupu kwa sababu moyo wa binadamu ni mtupu.”

“Moyo wa nani? Wangu umejaa watoto wanne na baba yao, hata pa kuweka kijiko hapana!”

Hapana alicheka kwa pua. Hapana anauza mitumba upande wa pili wa barabara, na jina hilo tulimpa kwa sababu hata ukimwambia habari za asubuhi, atakataa kwanza ndipo aitikie.

“Hapana, msishangae,” alisema. “Hizo nguo nazijua. Leo zinapigiwa makofi, keshokutwa nakata kamba za robota langu nazikuta zimelala katikati ya majinzi. Juzi nimetoa koti lina mikono mitatu. Mteja kaniuliza, huu wa tatu wa nini? Nikamwambia wa akiba.”

“Akanunua?”

“Akanunua. Mkewe akaukata ule mkono, akamshonea mtoto suruali.”

“Mkono mmoja utoe suruali?” Kamishna alihoji. “Mtoto ana mguu mmoja?”

“Hapana. Kofia. Nilitaka kusema kofia.”

“Sema tu unatuongopea.”

“Na wewe soma habari yako, acha ya kwangu.”

Kamishna akarudi kwenye simu. “Mshindi wa pili huyu hapa. Amepita jukwaani amevaa kiatu kichwani.”

“Kiatu kizima?”

“Kizima, kisigino kimeangalia mbinguni.”

“Na miguuni je?”

“Pekupeku.”

“Si angekishusha tu, jamani!” Bi Birika alipiga kifuniko cha birika kwa kijiko. “Mtu ana shida ya kiatu, na kiatu anacho!”

Hapo ndipo nilipojitosa. Nilimaliza chuo mwaka jana, nilisoma sanaa, nao huniita Digrii kwa sauti ambayo mtu angemwita mgonjwa aliyeanza kupata nafuu.

“Cha kichwani si kipya,” nilisema. “Ni cha zamani kuliko sisi wote tuliokaa hapa. Baada ya ile vita ya kwanza ya dunia walitokea washairi na wachoraji waliowachoka watu wenye akili timamu, maana hao wenye akili timamu ndio waliopanga vita. Wakasema, hebu tuisikilize ile akili inayofanya kazi tukiwa tumelala. Wakachora ndoto. Wabunifu wa mavazi wakaona, wakaazima. Kikaja hicho kiatu, zikaja glavu zilizotiwa kucha nyekundu, likaja gauni jeupe limechorwa kamba mkubwa wa baharini.”

“Kachorwa wapi?” Kamishna aliuliza.

“Mbele, kwenye sketi.”

“Rangi gani?”

“Mwekundu.”

“Huyo kapikwa tayari.”

“Si suala la kupikwa,” nilisema. “Walitaka kumzindua mtu. Ukiona kiatu kichwani unasimama, unajiuliza, ni nani aliyesema kiatu ni cha mguuni?”

“Mguu ndio uliosema,” Bi Birika alijibu, akamimina kahawa.

Walicheka mpaka Kamishna akaimwagia simu yake kahawa. Nilicheka nao. Ila ndani yangu niliamini, na hadi leo naamini, kwamba wale watu wa zamani walikuwa na jambo zuri mkononi. Walisema ndoto hazina tajiri wala maskini. Kila anayelala ni msanii.

Wakati tunafuta simu ya Kamishna, akafika Futi. Futi ni fundi cherehani katika kiwanda cha nguo nyuma ya soko, na tepu yake ya kupimia huning’inia shingoni hata akiwa msibani. Ameshona sare za shule tangu mimi mwenyewe nikivaa sare. Siku hiyo hakusalimia. Alikaa, akakiacha kikombe alichowekewa, akanigeukia mimi.

“Digrii,” alisema, “ndoto zinapatikana wapi?”

“Ndoto zipi?”

“Za kuota. Nahitaji moja kabla ya mchana.”

Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Mwenye kiwanda, mzee wa watu, amestaafu, na nafasi yake imeshikwa na binti yake aliyerudi kutoka masomoni ng’ambo. Wote wanamwita Madamu.

“Katukusanya jana jioni,” Futi alieleza. “Kasema sare basi, msimu huu ni msimu wa ndoto. Kila fundi aje leo mchana na ndoto yake mwenyewe, aisimulie mbele ya watu. Asiye na ndoto aweke mkasi mezani aende zake.”

“Na wewe ndoto yako ipi?”

“Mimi sioti.”

“Kila mtu anaota,” nilisema.

“Mimi nikiweka kichwa chini, ni asubuhi. Usiku wa jana nimejaribu. Nimelala chali, nimelala kifudifudi, nimegeuka nikaweka miguu kwenye mto.”

“Ikawaje?”

“Asubuhi.”

Hapana alisimama, akakaa tena. “Hapana, ngojeni kwanza. Huyo dada amewapima kasi. Amewapima mpaka muda wa kwenda msalani. Sasa anataka na kilicho chini ya mto?”

“Usipige kelele, ndugu yangu. Mimi nina watoto wanasoma. Na kiwanda gani kitamchukua mzee wa umri huu anayetunga uzi kwenye sindano kwa kuiombea dua?”

Hapo mzaha ulipoa. Bi Birika alimsogezea kikombe karibu zaidi.

“Basi mdanganye,” Kamishna alisema.

“Nikidanganya pua inatoka jasho. Mnanijua. Tena kasema ndoto ya kubuni anaitambua, huwa imenyooka mno.”

“Basi chukua yangu, ni ya kweli na imepinda,” Kamishna akajitolea. “Mimi nikilala mchana naota niko lindoni. Nimesimama pale mlangoni na rungu langu, naona magari yanapita, hakuna kinachotokea. Naamka nimechoka vilevile. Mara mbili nimemwendea meneja anilipe na zile zamu za ndotoni.”

“Utashonaje nguo hapo?”

“Sare ya mlinzi.”

“Kasema sare basi!”

“Chukua yangu,” Bi Birika alisema. “Namwota marehemu mama mkwe. Amekaa juu ya jiko langu, makaa yanawaka, ananiuliza, mwanangu, hili jiko mbona baridi?”

“Na wewe unajibu nini?”

“Naongeza makaa.”

Hata Futi alicheka kidogo. Nami nikatoa ya kwangu. Huwa naota niko kwenye usaili wa kazi, na wanaonihoji ni viti vitupu vimevaa tai. Kiti cha katikati kinaniuliza nina uzoefu wa miaka mingapi. Nikifungua mdomo, badala ya maneno, vinatoka vifungo.

“Hiyo ndiyo wanayoitaka!” Kamishna alidakia. “Vifungo mdomoni!”

“Lakini ni ya Digrii,” Futi alisema kwa huzuni. “Nitaisimulia, pua itatoka jasho.”

Tulimgeukia Hapana.

“Hapana. Ndoto yangu simpi mtu. Mwambieni ameota amevaa suruali nyuma mbele, kila akiondoka kwenda kazini anajikuta anarudi nyumbani. Wapige makofi, wavute droo, wapeane tuzo, watuache tunywe kahawa.”

Bi Birika hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anamtazama Futi kama atazamavyo maziwa yaliyo karibu kufurika.

“Shemeji,” alimwambia, “mke wako analalamika ukilala?”

“Kila siku. Anasema nampiga mateke.”

“Mateke gani?”

“Mateke tu.”

“Hebu yapige nione.”

Futi aliona haya. Halafu akainyoosha miguu chini ya benchi, akaiweka sambamba, akaanza taratibu: kisigino, vidole, kisigino, vidole. Miguu yote miwili kwa pamoja. Sote tulikuwa tumeinama tunatazama viatu vyake.

Bi Birika aliliweka birika chini. “Wewe baba, hayo si mateke. Hiyo ni cherehani.”



“Anasema kuna wakati natulia,” Futi aliongeza polepole, kana kwamba anayasikia maneno ya mkewe kwa mara ya kwanza. “Nauma shuka kwa meno, kama mtu anayekata uzi. Kisha naendelea.”

“Futi, unaota!” Nilimshika mkono. “Kila usiku unashona!”

“Nashona nini?”

Swali hilo aliliuliza kwa dhati, na kila mmoja wetu alimtazama mwenzake amsaidie.

“Wewe ndiye wa kujua,” nilisema.

“Sijui. Sijawahi kuiona.”

“Basi hiyo ndiyo ndoto yako, na haijanyooka hata kidogo. Nenda ukaseme hivyo hivyo: kuna nguo ninayoishona kila usiku na sijawahi kuiona. Hao wachoraji wa zamani wangekubeba mabegani!”

“Hapana,” Hapana alisema. “Akaseme nini? Kwamba kazi ya Madamu anaifanya hadi usingizini? Na mke wake ndiye anayeumia?” Alivuka barabara huku akibwata, akarudi na koti la kijivu, safi, la mikono miwili. Akamvisha Futi kwa nguvu, akamkung’uta mabega. “Na huendi kuota mbele za watu na shati hilo.”

Futi akaenda.

Tulikaa. Kamishna, ambaye saa hizo huwa kwao amelala, alilala palepale benchini, nyota imemfunika macho. Hapana aliacha biashara yake wazi, na kila mteja aliyeita alimjibu kwa mkono bila kuinuka. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo. Niliwaza labda Madamu naye aliyasoma niliyoyasoma mimi, labda naye yalimgusa palepale, labda akimsikia Futi ataelewa ana mtu gani kwenye mashine zake.

Jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa mtaa Futi alipotokea. Koti amelikunja mkononi.

“Nimebaki,” alisema.

Kamishna aliamka akipiga makofi kabla hajajua ni ya nini. Bi Birika alitoa kigelegele, watu wa duka la jirani wakachungulia.

“Alisemaje?”

“Alilia.”

“Alilia nini?”

“Machozi. Akataka nirudie pale pa kuuma shuka. Akawaita wageni wake, nikarudia tena. Kisha akapiga magoti chini kabisa, nikachezesha miguu, akaipiga picha. Itakaa kwenye tangazo.”

“Miguu tu?” Kamishna aliuliza. “Na uso?”

“Kasema uso wangu unaleta uhalisia.”

“Hapana!” Hapana alishika kichwa. “Hapana, hapana.”

“Lakini amesikiliza!” nilisema, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. “Na wenzako je?”

Futi alikaa. “Jirani yangu wa mashine ya dirishani aliota anapaa. Kaambiwa hiyo ya kupaa imezoeleka. Ameweka mkasi mezani.”

Bi Birika alimimina kahawa. Nilitafuta la kusema la kututoa hapo.

“Sasa hiyo nguo yako mtaanza kuishona lini?”

“Nguo ipi?”

“Ile ya ndotoni. Usiyoijua.”

“Haishonwi. Tunashona magauni ya droo, oda imeshaingia.” Alizungusha kikombe mkononi. “Hata hakuniuliza nashona nini, Digrii. Aliuliza natoa ngapi kwa usiku.”

Nilihisi masikio yananiwaka. Hapana alinitazama, na kwa huruma yake, dharau aliyokuwa nayo mdomoni akaimeza.

“Ukamjibu nini?” nilimuuliza.

“Ukweli. Nikamwambia ni moja tu, miaka yote, na naona haijaisha. Akasema ni polepole sana. Ila kwa kuwa mwili umeshazoea, ameniweka zamu ya usiku. Naanza leo.”

“Ya usiku!” Kamishna alisema. “Na utalala saa ngapi?”

“Mchana.”

Futi alimaliza kahawa yake kwa mkupuo mmoja, akamrudishia Hapana koti, akainuka na kuikaza tepu shingoni.

“Acheni niwahi kulala,” alisema, “nikaishone kidogo ile yangu, kabla hajajua kwamba hata mchana naweza.”